Gridi ikizima, si lazima mabwawa yawe yamekauka

Umeme ukikatika nchi nzima, hapa Moshi jibu huwa tayari: maji yamepungua bwawani. Wengine huuliza, bwawa la umeme la Nyumba ya Mungu lipo jirani, kwa nini tukae gizani? Imani hii ni ya miaka mingi na inaeleweka, maana ukame kweli umewahi kutuletea mgao. Lakini mgao hupangwa kwa zamu. Gridi kuanguka, yaani mtandao wa umeme wa nchi kuzima kwa mpigo, ni jambo jingine kabisa.

Njia moja ya msongo mkubwa ikikatika, umeme uliokuwa ukipita humo hugawanyika papo hapo kwenye njia zilizobaki, hata za mbali sana. Zikizidiwa, nyaya hupata joto, hurefuka na kushuka kuelekea miti, na vifaa vya ulinzi huzikata ili zisiharibike. Kila inayokatwa huzielemea zilizosalia.

Tazama Italia, 28 Septemba 2003, saa tisa usiku, wakati matumizi ni madogo. Njia moja nchini Uswisi ilipata hitilafu kwenye mti. Dakika 24 baadaye ikafuata ya pili, kisha nyingine zinazoingia Italia zikakatika kwa sekunde chache tu. Karibu nchi nzima ikazima. Sardinia ikabaki na umeme.

Nyumba ya Mungu ina megawati 8 tu. Ikiachiwa mzigo unaoizidi, mitambo yake hupungua kasi, mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde inayotakiwa haifikiwi, nayo hujitoa. Kuwasha upya hufanywa eneo kwa eneo, mzigo ukilinganishwa na uzalishaji, ndiyo maana Moshi na Arusha huenda zisiwake pamoja.