Kuhama kompyuta: nini hubebwa, nini husakinishwa upya

Mwalimu mmoja wa sekondari alinijia na laptopu mpya kwapani na flashi shingoni, kaifunga kwenye kamba moja na funguo za ofisi. Nikamwamkia.

“Marahaba, kijana wangu. Nimehamisha kila kitu mwenyewe, sikutaka kukusumbua. Lakini hii mpya ina kiburi. Nikibofya Word, inasema haioni kitu.”

Nikachomeka flashi. Kweli, ikoni zote za mashine yake ya zamani zilikuwamo: Word, Excel, programu ya ratiba, programu ya printa. Nikaangalia ukubwa wake. Kilobaiti 2, kilobaiti 2, kilobaiti 1. Programu kama Word haiwezi kuwa nyepesi kuliko barua ya ruhusa.

Alichobeba mwalimu ni njia za mkato. Njia ya mkato ni kijifaili kinachosema tu kwamba programu unayoitafuta iko mahali fulani ndani ya diski ya C. Ni sawa na mtu aliyeng'oa kibao cha “Zahanati, mita 200”, akakisimika kijiji cha pili, kisha akashangaa mbona hakuna daktari.

Tunaposema kuhama kompyuta, huwa tunazungumza kana kwamba vinavyohama ni vitu vya aina moja. Sivyo. Kuna mafaili, yaani kazi zako: barua, picha, mitihani, mahesabu. Kuna mipangilio, yaani jinsi ulivyoizoesha mashine ikufuate wewe. Na kuna programu. Mafaili hubebwa. Mipangilio huokotwa mmojammoja kutoka mahali ilikojificha. Programu haibebwi, husakinishwa upya.

Neno lenyewe linatusaidia. Kusakini ni kukaa mahali, kuishi, na maskani ni ndugu yake. Kwa hiyo kuisakinisha programu ni kuipa makazi. Windows ikisakinisha programu, haishushi mzigo mmoja sehemu moja. Mwili wake unawekwa kwenye folda ya Program Files. Vipande inavyotumia pamoja na wenzake huenda vikawekwa kwenye folda za mfumo. Jina lake linaandikwa kwenye rejista, lile daftari kubwa la Windows linaloorodhesha nani anakaa wapi na ana ruhusa gani: faili la aina hii lifunguliwe na fulani, mashine ikiwaka fulani aamke nayo. Kumbukumbu zake za kila siku zinatunzwa kwenye AppData, folda ambayo Windows huificha usiione. Ukinakili folda ya Program Files peke yake umechukua mwili, ukaacha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na majirani. Mashine mpya haimtambui.

Zipo programu za kubebeka, zilizotengenezwa zihifadhi kila kitu ndani ya folda yake yenyewe, na hizo hufanya kazi hata ukiziendesha kutoka kwenye flashi. Kwenye Mac, programu nyingi hukaa kama furushi moja, ndiyo maana kifaa cha Apple cha kuhamia, Migration Assistant, huweza kuzibeba pamoja na mafaili na akaunti yako. Kwa wenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, mipangilio mingi imo ndani ya folda yao ya nyumbani, kwenye mafaili yanayoanza na nukta, na programu hurudishwa kwa amri chache. Wa Windows ndio tunaohangaika, na ndio tulio wengi.

Microsoft wenyewe hawakuwahi kutudanganya katika hili. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja na kifaa cha kuhamisha ambacho jina lake lilitaja mafaili na mipangilio, basi. Programu hazikutajwa. Cha Windows Vista na Windows 7 kiliendelea vivyo hivyo. Windows 10 ilipokuja mwaka 2015, kifaa hicho hakikuwamo tena. Zipo programu za kulipia zinazojaribu kuhamisha hata programu zilizosakinishwa, kama PCmover ya Laplink, nazo hufanya hivyo kwa kukusanya vile vipande na kuandika upya rejista ya mashine mpya. Mimi huwa nasita kuzitumia. Mashine ya zamani mara nyingi inaachwa kwa sababu imekuwa nzito, imejaa takataka za miaka sita, na kuhamisha kila kitu jinsi kilivyo ni kuhama nyumba pamoja na kunguni.

Na kuhama si lazima ununue mashine. Fundi akikwambia “tupige Windows upya”, jua unahama ukiwa hapohapo nyumbani: akifuta diski, wakazi wote wanatoka na mizigo yote inapotea, labda uwe umeitoa nje kwanza. Siku hizi kuhama, kwa njia moja au nyingine, ni jambo la kawaida, maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu nyingi za mtumba hazina.

Sasa programu zenyewe. Kabla ya kuiacha mashine ya zamani, andika orodha ya unazozitumia kweli. Windows 11, na Windows 10 iliyosasishwa, ina amri ya winget: ukiandika `winget export -o orodha.json` kwenye dirisha la amri (Terminal au Command Prompt) inakutolea orodha ya programu inazozitambua, na kwenye mashine mpya `winget import -i orodha.json` inazipakua na kuzisakinisha. Zile isizozitambua utazitafuta mwenyewe. Chukua pia funguo za leseni. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa kwenye ubaomama, ile bodi kuu ya ndani, wa kompyuta hiyo, haihami. Programu za kulipia zenye idadi maalumu ya mashine zinataka utoke kwanza kwenye ya zamani ndipo uingie kwenye mpya. Ukisahau, unaweza kuambiwa nafasi zako zimekwisha. Kwa programu za uhasibu, usinakili folda ukadhani umemaliza. Tumia kitufe chake chenyewe cha bekapu, kisha rejesha bekapu hiyo kwenye toleo lilelile au jipya zaidi, kwa sababu toleo la zamani mara nyingi halisomi kazi za toleo jipya.

Mafaili ni rahisi, ila yana mitego yake. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi. Video ya harusi inakataa, na ujumbe unaotokea unakufanya udhani flashi imejaa ilhali iko tupu. Ipange upya kwa exFAT, mtindo usio na kikomo hicho, ukijua kufanya hivyo kunafuta vilivyomo. Kasi nayo: gigabaiti 200 kupitia USB 2.0, kwa megabaiti 30 kwa sekunde, huchukua karibu saa mbili, na picha ndogondogo elfu kumi huchelewa kuliko filamu moja yenye uzito uleule. Diski ya nje ya USB 3.0 inapunguza kusubiri huko sana. Halafu angalia alama ya wingu. Faili la OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, lenye alama hiyo halimo ndani ya kompyuta yako, ni jina tu linaloonekana, mwili uko kwenye intaneti. Lipakue kwanza, au hakikisha utaingia kwa akaunti ileile upande wa pili.

Kwenye mipangilio ndiko watu huumia, na huumia polepole, siku baada ya siku, bila kujua nini hasa kimewapotea. Nywila zilizotunzwa na kivinjari ni mfano. Unaweza kunakili folda yote ya Chrome ukaiweka mashine mpya, na nywila zikakataa kufunguka, kwa sababu zimefungwa kwa ufunguo unaotegemea akaunti yako ya Windows kwenye mashine ile ya kwanza. Njia ni kuwasha usawazishaji (sync) wa kivinjari kwa akaunti yako kabla hujahama, au kuzitoa kama faili la CSV, yaani orodha ya maandishi matupu. Ukichagua CSV, lifute mara tu ukimaliza, kwani nywila zako zote zimo humo wazi, kila anayelifungua anazisoma. WhatsApp ya kompyuta haina haja ya kubebwa: unaiunganisha upya kwa simu. Barua pepe inategemea. Kama zinakaa kwenye seva, ukiingia zinarudi zenyewe. Kama ulitumia Outlook kwa mtindo wa zamani wa POP, unaoshusha barua kwenye kompyuta na mara nyingi kuziondoa kwenye seva, huenda barua zako zote zimo ndani ya faili moja la PST na hakuna nakala kwingine.

Mwalimu wangu alikuja na lalamiko la aina hii siku ya pili, Word ikiwa imeshasakinishwa. “Inafanya kazi, lakini imenisahau.” Akanifungulia mtihani wa kidato cha tatu. Karatasi nzima imepigwa mistari myekundu, kila jina la mwanafunzi, kila “mwanafasihi” na “kiimbo”. Kwenye mashine ya zamani mistari hiyo haikuwapo, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akibofya “ongeza kwenye kamusi” neno baada ya neno. Kamusi hiyo ni faili, linaitwa CUSTOM.DIC, na linakaa ndani ya AppData, kwenye Roaming, kisha Microsoft, kisha UProof. Tulipolifungua kwa Notepad tulikuta orodha ndefu, neno moja kila mstari, majina ya wanafunzi waliokwisha kuhitimu yakiwa katikati ya istilahi za fasihi. Tukalinakili mahali palepale kwenye mashine mpya, tukafungua Word upya, na wekundu wote aliokwisha kuufuta ukatoweka. Faili zima halikufika hata kilobaiti 20. Folda ya fonti tuliipitia vilevile, maana fonti aliyotumia kwenye vichwa vya mitihani haikuwamo kwenye laptopu mpya, na Word ilikuwa imeweka nyingine kimyakimya na kusukuma swali la mwisho ukurasa wa pili.

Kama mashine ya zamani haiwaki, usikate tamaa mapema. Mara nyingi diski yake ni nzima. Fundi anaweza kuitoa na kuiunganisha kwa waya wa USB, ukaisoma kama flashi kubwa. Kikwazo ni kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data: itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na bila huo hakuna fundi atakayekusaidia. Mara nyingi ufunguo huo umetunzwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo, basi uutafute huko leo, kabla haijafa.

Mashine ya mwalimu ilikuwa inawaka, na mtoto wa dada yake alikuwa anaisubiri. Nilimwomba asiifute kwanza, akae nayo mpaka mwisho wa muhula. Alinuna kidogo. Wiki ya tatu akapiga simu: wastani wa darasa wa miaka yote hauonekani, na kikao cha wazazi ni Ijumaa. Tukaiwasha ile ya zamani. Documents haukuwamo. Downloads haukuwamo. Tuliukuta moja kwa moja chini ya C, nje ya folda zote anazozijua mtu, kwenye folda aliyoitengeneza mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi na kuiita MATOKEO YA KWELI.