Mbwa anayeharisha zaidi ya wiki tatu: badilisha jambo moja kwa wakati

Mbwa akiharisha siku mbili kisha akapona, huenda alikula uchafu mahali, na habari imeishia hapo. Akifikisha wiki tatu, au akawa anapona na kurudia kila baada ya siku chache, hilo ni jambo jingine. Mara nyingi mbwa wa namna hii huletwa kwa daktari akiwa amekwisha kujaribiwa vitu vitano kwa mpigo: chakula kipya, dawa ya minyoo, antibiotiki iliyobaki kabatini, mtindi na maji ya mchele. Akipata nafuu, hakuna ajuaye kilichomsaidia. Asipopata, hakuna ajuaye kilichoshindwa.

Anza na kinyesi chenyewe. Mbwa anayetoa kinyesi kingi na chepesi mara mbili au tatu kwa siku, huku anakonda ingawa anakula, tatizo lake liko zaidi kwenye utumbo mwembamba. Anayekimbilia nje mara sita au zaidi, akajikamua muda mrefu na kutoa kiasi cha kijiko chenye kamasi na michirizi ya damu nyekundu, huku uzito wake haujashuka, ni utumbo mpana. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami ni damu iliyovuja juu, tumboni au mwanzoni mwa utumbo, nacho hakisubiri wiki ijayo. Weka daftari: ametoka mara ngapi, kiasi gani, kimekaaje, ametapika au la, na kila kilichopita mdomoni. Mpime uzito kila wiki. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, halafu toa.

Vimelea huondolewa shaka kwanza, na hapa kipimo kimoja kisicho na kitu hakitoshi. Giardia, kimelea kidogo cha seli moja kinachokaa utumboni, hutoka kwenye kinyesi kwa vipindi. Leo ipo, kesho haionekani. Kusanya sampuli tatu katika siku tatu hadi tano, kila moja ikiwa mbichi, uziweke kwenye friji bila kuzigandisha. Minyoo-mjeledi, inayokaa kwenye utumbo mpana, ni wajanja zaidi: tangu mbwa aambukizwe hadi mayai yaanze kutoka hupita karibu miezi mitatu, na muda wote huo anaweza kuharisha huku maabara haioni kitu. Ndiyo maana madaktari wengi humpa mbwa fenbendazoli, dawa ya minyoo, hata kama kipimo ni safi. Kiwango chake ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Mbwa wa kilo 20 atapata miligramu 1,000. Kwa Giardia hutolewa siku tatu hadi tano. Kwa minyoo-mjeledi ni siku tatu, kisha hurudiwa baada ya wiki tatu na tena baada ya miezi mitatu. Dawa hushindwa zaidi kwa sababu ya uani kuliko kwa sababu ya dawa yenyewe: kinyesi kisipookotwa kila siku, na mbwa asipoogeshwa vizuri sehemu za nyuma siku ya mwisho ya dozi, anajiambukiza upya kwa kujilamba.

Vimelea vikishaondoka, jaribu chakula kabla ya dawa nyingine yoyote, ilimradi mbwa bado ana hamu ya kula na hajadhoofika. Sehemu kubwa ya mbwa wenye tatizo hili sugu hupona kwa chakula pekee, na jaribio hili ndilo linaloharibiwa kuliko yote. Chagua chakula cha aina moja: ama chenye protini ambayo mbwa huyo hajawahi kula maishani mwake, ama kile cha matibabu ambacho protini yake imevunjwa vipande vidogo mno hata kinga ya mwili isiitambue. Kubadilisha tu jina la mfuko hakuna maana. Soma viambato: mfuko ulioandikwa samaki mbele mara nyingi una mafuta au unga wa kuku nyuma. Changanya na chakula cha zamani kwa siku nne hivi, ukiongeza robo kila siku, kisha wiki mbili kamili za hicho peke yake, kikigawanywa milo mitatu au minne midogo.

Peke yake maana yake peke yake. Kipande cha jibini cha kufichia kidonge, mfupa wa kutafuna, dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama, mabaki ya chakula cha paka, makombo ya mtoto chini ya meza: kimojawapo kinatosha kurudisha kuharisha na kukufanya uamini chakula hakifai. Mwenye huruma nyumbani ndiye huharibu jaribio hili, kwa hiyo waambie wote. Ukitaka kumzawadia, tenga punje kutoka kwenye mlo wake wa siku. Ngozi inayowasha huhitaji wiki nane za jaribio, lakini utumbo hujibu mapema; wiki mbili zikipita bila badiliko, jaribu chakula cha aina nyingine kabla ya kukata tamaa. Nyama na wali vya kupika nyumbani vinafaa kwa muda huo mfupi tu, maana havina kalsiamu ya kutosha. Tatizo likiwa la utumbo mpana, nyuzinyuzi za maganda ya isabgoli (maganda ya mbegu za psyllium) zikiongezwa kwenye chakula husaidia sana.

Kuhusu metronidazoli, antibiotiki ambayo mbwa wanaoharisha hupewa mara nyingi, nina msimamo mkali. Huleta nafuu ya siku chache, mbwa huharisha tena inapokwisha, na kila duru huvuruga bakteria wa utumbo ambao huchukua wiki nyingi kurudi. Kwa viwango vikubwa mbwa huanza kuyumba. Kupona kwa muda hakuthibitishi kwamba chanzo kilikuwa bakteria.

Chakula kikishindwa, damu ipimwe. TLI, kipimo cha damu cha kimeng'enya cha kongosho, kikifanywa baada ya mbwa kufunga saa 8 hadi 12, huonyesha kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha vya kusaga chakula. German Shepherd anayekonda huku anakula kama hajashiba awahi kipimo hiki. Vitamini B12 ikiwa chini, sindano hutolewa kila wiki kwa wiki sita, la sivyo tiba nyingine zinaweza kusuasua. Kipimo cha homoni ya kotisoli huchunguza ugonjwa wa Addison, yaani tezi zilizo juu ya figo kushindwa kutoa homoni za kutosha, ambao hulegeza mbwa, akaamka baada ya dripu, kisha akaanguka tena. Albumini, protini kuu ya damu, ikishuka chini ya gramu 2 kwa desilita, huenda protini inavuja kwenye utumbo, na jaribio la kusubiri wiki mbili halifai tena.

Prednisoloni, steroidi inayotuliza kinga ya mwili, huja mwisho, na ikiwezekana baada ya biopsi (kipande kidogo cha utumbo kinachopimwa maabara), kwa sababu huweza kuficha saratani ya limfu hadi sampuli isionyeshe kitu. Ikianza, hupunguzwa taratibu kwa wiki na miezi. Kinyesi kikikaza siku ya kumi usiiache ghafla: ugonjwa hurudi, na tezi ya juu ya figo iliyolala wakati wa dawa haiwezi kuamka kwa siku moja.