Je, wajua kwa nini Jane Goodall alimlaza mwanawe ndani ya kizimba?

Hapa Dar es Salaam wengi wanamkumbuka Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, kama bibi mpole mwenye mvi, mkononi kashika kidoli cha nyani. Alikuwa na nyumba jijini, na ni kwenye baraza yake, mwaka 1991, vijana 12 wa sekondari walipoanzisha naye mpango wa vijana wa kutunza mazingira uitwao Roots & Shoots. Habari ya kizimba haisimuliwi sana.

Alifika Gombe, msitu wa sokwe huko Kigoma, Julai 1960, ana miaka 26, hana shahada, amefuatana na mama yake kwa sababu wakoloni walikataa binti akae porini peke yake. Mtaani kwetu mtu wa namna hiyo hatafutiwi jina: kichaa. Lakini mwaka huohuo aligundua kwamba sokwe si wala matunda tu. Wanawinda, na wanakula nyama, hasa ya mbega. Kwa hiyo alipojifungua mtoto wa kiume mwaka 1967, alijua kichanga wa binadamu naye anaweza kuwa kitoweo, akamtengenezea kizimba. Sokwe aliowapa majina na kuwalilia walipokufa, hakuwaamini na mwanawe. Na hakukosea: mwaka 2002 dume aitwaye Frodo, wa palepale Gombe, alimnyakua mtoto mdogo wa binadamu na kumuua.

Sasa mtazame Timothy Treadwell, Mmarekani aliyekaa na dubu wa Alaska kwa misimu 13 ya kiangazi. Alikataa uzio wa umeme, akaacha hata dawa ya kupulizia ya kufukuzia dubu, eti asiwaumize. Oktoba 2003 alikawia kuondoka. Huo ndio wakati dubu wanajaza mafuta mwilini kabla ya usingizi wa majira ya baridi, na wale aliowazoea walikuwa wameshapungua, wageni wenye njaa wamechukua nafasi. Aliliwa, yeye na mpenzi wake. Askari wa hifadhi wakawapiga risasi dubu wawili. Yaani waliolipia mapenzi yake ni pamoja na hao aliodai kuwalinda.

Wote wawili walipenda, tena sana. Mpaka kati ya ujasiri na ukichaa naweka mimi mahali pengine: je, huyu mtu anakubali kwamba mnyama hana deni naye? Mnyama wa pori akikuona kila siku bila kudhurika, hofu yake hupungua na atakuacha usogee. Huko ni kukuzoea tu. Meno, njaa na wivu wa dume vinabaki vilevile. Anayedhani amepata rafiki ndiye wa kuombewa.

Hatari yenyewe haipimi kitu. Wayne Lotter, aliyepambana na majangili wa pembe za ndovu, alipigwa risasi hapahapa Masaki Agosti 2017, baada ya kutishiwa maisha. Alijua anachokabili. Sijasikia mwenye akili timamu akimwita kichaa.

Goodall naye hakuwa malaika. Miaka ya mwanzo aliwavuta sokwe kambini kwa ndizi, na ndizi zikaleta ugomvi: sokwe kwa sokwe, sokwe kwa nyani. (Wanaowarushia tumbili wa chuo kikuu cha Mlimani karanga wanaendeleza mchezo uleule.) Ukaribu huo una hatari nyingine pia, ya magonjwa, maana damu ya sokwe na yetu haziko mbali. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakapooza mikono, wengine wakafa, ikabidi chanjo itiwe ndani ya ndizi zilezile.

Ulishaji ukapunguzwa, mwishowe ukakomeshwa. Siku hizi mgeni wa Gombe huvaa barakoa na kukaa mbali na sokwe, na mwenye mafua haruhusiwi kuwafuata msituni.