Kupiga picha kundi zima la bata bukini: upepo kwanza, kamera baadaye

Kamera za siku hizi zimefundishwa kumtambua ndege mmoja. Zinatafuta jicho, zinang'ang'ania kichwa, zinapima mwanga kumzunguka. Ziwekee mbele bata bukini elfu ishirini wanaopaa kwa mpigo na akili hiyo yote inapata kizunguzungu. Jicho lipi sasa? Unarudi nyumbani na picha zenye ukungu katikati, weupe ulioungua pembeni, na mikia mingi kuliko vichwa.

Makosa hayo karibu yote yana mzizi mmoja: mpigapicha amengoja kundi lipae ndipo aanze kuamua. Kupaa kwa kundi kubwa, tangu ndege wa kwanza anyanyuke hadi watawanyike angani, mara nyingi hakufiki dakika moja. Hapo hakuna nafasi ya kuzungusha vitufe. Uamuzi ufanywe mapema, giza likiwa bado lipo na ndege wametulia majini.

Nitazungumzia zaidi bata bukini wa theluji, Anser caerulescens, wale weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, kwa sababu ndio wanaojaza fremu kuliko wengine. Nchini Marekani wanaotafuta kundi kubwa huenda Bosque del Apache huko New Mexico kati ya Novemba na Februari, Middle Creek huko Pennsylvania mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, au Loess Bluffs huko Missouri, ambako katika misimu mizuri idadi yao imewahi kupita milioni moja. Kanada kuna Cap Tourmente, ukingoni mwa mto St. Lawrence, mwezi wa Oktoba. Kanuni zilezile zinafanya kazi kwa bata bukini wa Ulaya, ila kwa upande wa mwanga kuna tofauti nitakayoigusa.

Upepo

Bata bukini hupaa wakiukabili upepo, na hutua wakiukabili upepo. Ukilielewa hili, nusu ya kazi imekwisha. Upepo ukitoka nyuma ya mgongo wako, kundi linainuka likija kwako: vifua, vichwa, macho. Upepo ukikupiga usoni, utapiga picha za mikia hata ukiwa na lenzi ya bei ya gari. Kwa hiyo asubuhi, unapotaka jua liwe nyuma yako na wewe unatazama magharibi, upepo bora ni wa mashariki. Jioni ni kinyume chake.

Vikigongana, yaani jua liko sawa lakini upepo umegeuka, mimi naufuata upepo na kuliacha jua liwe pembeni au hata mbele. Ndege weupe wanaoangazwa kutoka nyuma wana uzuri wao, kwa sababu manyoya ya mabawa hupitisha mwanga. Mikia elfu ishirini haina uzuri wowote. Siku isiyo na upepo ni bahati nasibu: wanapaa kila upande, wanapishana, na picha inakosa mwelekeo.

Upepo mkali una zawadi nyingine wakati wa kutua. Bata bukini wanaotaka kushuka haraka hujipindua, wengine hadi mgongo ukaangalia chini huku kichwa kikibaki wima, ili wamwage upepo ulio chini ya mabawa. Ni sekunde moja tu. Lenga kundi dogo linaloshuka kutoka juu sana na usubiri waanze kuyumba.

Watapaa saa ngapi?

Kwa kawaida ni kati ya nusu saa kabla ya macheo na nusu saa baada yake. Mawingu mazito huwachelewesha. Usiku wa mbalamwezi huharibu ratiba kabisa, kwa kuwa wanaweza kwenda kula mashambani usiku na alfajiri isiwe na lolote. Wanaofuatilia bata bukini wa miguu ya waridi huko Norfolk, Uingereza, hukwepa siku zinazozunguka mwezi mpevu kwa sababu hiyohiyo.

Dalili ni hizi: kelele inapanda, vichwa vinanyanyuka, wale wa ukingoni wanaanza kutembea badala ya kuelea au kulala. Kisha upande mmoja wa kundi unabanduka kama ngozi, na wimbi linakimbilia upande wa pili. Usitazame katikati, tazama ukingo. Tai akipita juu, wote wanaruka bila dalili yoyote, wanazunguka mara mbili tatu na mara nyingi wanarudi palepale. Huo mpao wa uongo ni mazoezi ya bure, na mara nyingine ndio wenye picha bora, kwani kundi linazunguka mbele yako badala ya kuondoka.

Usiwarushe wewe. Kila mpao usio wa lazima unakula akiba ya mafuta waliyoikusanya kwa safari ya maelfu ya kilomita, na kundi lililotishwa hukimbia mbali nawe, kwa hiyo hata picha yenyewe ni mikia. Droni hairuhusiwi katika hifadhi za taifa za wanyamapori za Marekani. Gari ni maficho mazuri kuliko hema, kwani ndege hulizoea: zima injini, laza lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani, na usifungue mlango.

Mwanga: ipokonye kamera uamuzi

Hapa ndipo picha nyingi za bata bukini weupe zinapofia. Kipimo cha mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Weupe wakijaza fremu, kamera inapunguza mwanga na theluji inageuka majivu; ungehitaji kuongeza hatua moja (stop), yaani mwanga mara mbili. Sekunde mbili baadaye kundi lilelile limepanda mbele ya mlima wenye kivuli. Sasa kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na manyoya yanaungua hadi hakuna unyoya unaoonekana. Ungehitaji kupunguza hatua moja. Sekunde nyingine wako mbele ya anga. Ndege hawajabadilika, jua halijabadilika, lakini kamera imetoa majibu matatu. Hakuna kidole kinachoweza kuifuata.

Weka kamera kwenye hali ya kuamua mwenyewe, na ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, isiwe ya kujiendesha. Washa onyo la weupe uliopitiliza. Mlenge bata bukini mweupe aliyepigwa na mwanga uleule utakaowapiga wakipaa, ongeza mwanga hadi onyo lianze kumetameta kwenye manyoya ya mgongo, kisha rudi nyuma theluthi mbili za hatua. Histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, iwe imeegemea kulia bila kubamiza ukuta. Jua likishapanda vizuri na liko nyuma yako, shata ya 1/3200 ya sekunde, tundu la lenzi la f/8 na ISO 400 ni mahali pazuri pa kuanzia. Miale ya kwanza inapogusa maji ungekuwa karibu na 1/2000, f/5.6, ISO 1600. Katika dakika hizo za macheo mwanga unakimbia, hivyo rudia kipimo kila dakika mbili au tatu. Wengi huweka mara moja, wanapiga soga, na kundi linapopaa mipangilio ni ya robo saa iliyopita.

Kama shaka ipo, egemea upande wa giza. Kivuli kinaweza kufufuliwa kwenye faili ya RAW, yaani data ghafi ya sensa. Weupe uliokufa haufufuki. Ndege wenye rangi nyeusinyeusi, kama hao wa miguu ya waridi, wana tatizo la kinyume: anga nyeupe nyuma yao huwageuza makaa. Ama ongeza hatua moja na nusu na ukubali anga iungue, ama wafanye vivuli vyeusi vitupu juu ya anga yenye rangi. Katikati ya hapo hakuna picha.

Kasi, kina na lenzi

Hesabu kidogo. Bata bukini anayekata mbele yako kwa mita 15 kwa sekunde, umbali wa mita 100, ukiwa na lenzi ya milimita 400, taswira yake inasafiri milimita 60 kwa sekunde juu ya sensa. Kwa 1/500 inakuwa imesogea milimita 0.12, yaani kama pikseli 20 kwenye sensa ya fremu nzima (full frame) ya megapikseli 24. Kwa 1/2000 ni pikseli tano. Ndege mmoja unaweza kumfuata kwa kuzungusha kamera na mwendo huo ukafutika. Kundi linalopaa lina ndege wanaokwenda kushoto, kulia na juu kwa wakati mmoja. Ukimfuata huyu, yule anayekuja kinyume anachafuka maradufu. Ndiyo maana kwa kundi nataka 1/2000 kama kiwango cha chini na 1/3200 nikiipata, hata ISO ikilazimika kupanda. Punje za ISO 3200 programu inazisafisha. Bawa lililovurugika, hapana.

Kina cha fokasi, yaani umbali wa mbele hadi nyuma unaotoka bila ukungu, nacho kinategemea urefu wa lenzi kuliko watu wanavyodhani. Kwa fremu nzima na f/8, ukimlenga ndege aliye mita 100 kwa milimita 400, walio wakali (wanaotoka bila ukungu) ni wale walio kati ya mita 87 na mita 118 hivi. Kwa milimita 200, ni kuanzia mita 62 hadi 250. Kwa milimita 100, ukilenga mita 42 tu, unapata kila kitu kuanzia mita 21 hadi upeo wa macho. Upana wa fremu katika mita 100 ni mita 9 kwa lenzi ya milimita 400, ambamo bata bukini sita wakikunjua mabawa wamekwisha jaza. Kwa milimita 100 ni mita 36. Wanaokuja na lenzi ya milimita 600 pekee hupata picha za vipande vya kundi. Lenzi ya kuvuta ya 100–400 ndiyo ningeichagua ikibidi ichaguliwe moja.

Zima utambuzi wa macho ya ndege. Tumia eneo dogo la fokasi, liweke juu ya ndege walio ukingo wa mbele wa kundi. Ukilenga katikati, walio mbele, ambao ndio wakubwa na ndio jicho la mtazamaji linaanza nao, watakuwa na ukungu. Ukungu wa nyuma mtazamaji anausamehe, wa mbele hausamehi. Shata ya elektroniki kwenye kamera yenye sensa inayosomwa polepole hupinda mabawa, bawa la kushoto likafanana na ndizi. Kama kamera yako ni ya namna hiyo, rudi kwenye shata ya kimakanika.

Na bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya kamera. Kwa fremu 20 kwa sekunde, sekunde kumi ni fremu 200. Kwa faili za megabaiti 50 hizo ni gigabaiti kumi. Kamera nyingi husongwa kabla ya hapo, na husongwa hasa kundi linapofika juu na kujipanga vizuri. Piga vipande vya sekunde moja moja.

Picha za mwendo

Kabla ya jua kutoka, kasi ya 1/2000 haipatikani, basi usiilazimishe. Funga kamera kwenye tripodi, weka 1/8 au hata 1/4, na usiisogeze. Wanaopaa wanageuka michirizi myeupe, wale ambao bado wamesimama kwenye barafu au maji mafupi wanabaki wakali, na picha inapata nanga. Bila nanga hiyo ni ukungu tu, na ukungu haushangazi mtu. Namna ya pili ni 1/15 hadi 1/30 ukimfuata kichwa cha ndege mmoja kwa mkono laini. Hapo ukipata tatu zinazofaa kati ya mia, shukuru.

Mpangilio

Kundi lote katika fremu si lazima liwe picha. Jicho linahitaji mahali pa kutua: ndege mmoja wa rangi ya samawati-kijivu kati ya weupe, pengo lenye umbo ndani ya kundi, mstari wa mlima chini. Chunga kingo, kwani bawa lililokatwa nusu pembeni linavuta jicho kuliko ndege elfu moja waliotimia. Ukiwa chini, kimo cha maji, lenzi ndefu hubana tabaka za ndege na kundi la mia tano linaonekana la elfu tano. Si udanganyifu, ndivyo lenzi ndefu inavyofanya.

Yanayoharibu bila kelele

Kipasha joto cha gari. Hewa ya moto inayotoka dirishani hutetemesha picha, na hakuna lenzi ya kuponya hilo. Zima joto, fungua dirisha mapema, na lenzi yenyewe iwe imepoa nje angalau nusu saa. Mashamba yaliyopigwa na jua la saa za mchana huleta mtetemo uleule. Hapo sogea karibu au funga virago.

Baridi hunyonya betri. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kabla ya kuingia ndani kwenye joto, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ili umande utue juu ya plastiki badala ya sensa. Vaa kofia, kwa sababu zinazojieleza kundi likipita juu. Ndege aliyekufa usimguse: homa ya mafua ya ndege ya H5N1 imekuwa ikiwaua bata bukini wa theluji huko Amerika Kaskazini tangu 2022. Safisha viatu kabla ya kwenda bwawa jingine.

Ukifika kwenye kompyuta, kagua anga kwa asilimia mia moja. Vumbi la sensa, hasa kwenye picha za kasi ndogo zilizopigwa f/16, linafanana kabisa na bata bukini wa mbali. Linganisha fremu mbili zinazofuatana: doa lililobaki palepale ni vumbi, lifute; lililohama ni ndege, liache.