Kuyeyusha Barafu ya Mirihi Hakutaifanya Ikalike

Kwa miaka mingi, hadithi za kubuni za kisayansi zimeeneza dhana kwamba barafu ya hewa ya ukaa iliyoko kwenye ncha za Mirihi ikiyeyushwa, sayari hiyo itapata angahewa nzito na joto la kutosha kwa binadamu kuishi. Dhana hiyo inavutia, lakini vipimo haviiungi mkono.

Mgandamizo wa hewa juu ya uso wa Mirihi haufikii asilimia 1 ya ule wa Dunia. Mwaka 2018, wanasayansi Bruce Jakosky na Christopher Edwards walikadiria hewa ya ukaa inayoweza kupatikana katika barafu, udongo na miamba, wakaonyesha kuwa ile ya ncha ingeongeza mgandamizo huo maradufu tu, na kwamba vyanzo vyote kwa pamoja visingeufikisha hata kwenye asilimia 7 ya ule wa Dunia. Sehemu kubwa ya hewa ya kale ilikwisha kupotelea angani, ikiondolewa na miali na upepo wa Jua. Chombo cha anga cha NASA kiitwacho MAVEN, kilichofika Mirihi mwaka 2014, kililithibitisha hilo kwa kupima agoni, gesi isiyoungana na miamba na hivyo hupungua kwa kupotelea angani tu. Hasara hiyo, ambayo ndiyo kiini cha suala, husahaulika mno. Isitoshe, hewa ya ukaa, hata ingekuwa tele, binadamu hawezi kuivuta akaishi.