Kadi ya grafiki na video inayokwama

Laptopu ya mtumba, video mbili za 1080p kwenye diski ileile. Ya kwanza inacheza bila shida. Ya pili picha inaganda, sauti inatangulia, feni inanguruma kama inataka kupaa. Mwenyewe anasema mashine imechoka. Mimi nauliza kwanza: hizo video zimebanwa kwa kodeki gani, yaani kwa njia gani ya kubana na kufumbua video?

Fremu moja ya 1080p, yaani picha moja kati ya zinazounda video, ina pikseli (vidoti vya picha) zaidi ya milioni 2. Kila pikseli ikichukua baiti 3, hiyo ni kama megabaiti 6 kwa fremu moja. Zidisha kwa fremu 25 za kila sekunde: flashi ya GB 16 ingejaa kabla ya dakika 2. Ndiyo maana video hubanwa. Fremu moja huwekwa nzima, zinazofuata huandikwa tofauti zake tu. Msoma habari amekaa, ukuta nyuma yake ni uleule, kilichosogea ni mdomo. Basi huandikwa habari za mdomo. Unapocheza video, kompyuta inalazimika kuyafumbua yote hayo na kuijenga upya kila fremu, kwa wakati.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, inaiweza kazi hiyo, ila kwa jasho. Kadi ya grafiki, sehemu inayoshughulikia picha za skrini, ina sakiti iliyotengenezwa kwa ajili ya kufumbua video tu. Wengi hudhani zinazotumika ni zile nguvu za magemu. Sivyo, sakiti hii ni kitu cha pembeni, na hata grafiki dhaifu iliyomo ndani ya chipu ya prosesa huwa nayo. Prosesa ni kisu, kinakata chochote. Sakiti hii ni mbuzi ya kukunia nazi. Kwenye nazi kisu hakifui dafu, lakini usimpelekee mbuzi kitunguu.

Na nazi yenyewe lazima iwe ile anayoijua. Kodeki ya H.264, ya mwaka 2003, inafumbuliwa na karibu kila kadi iliyoko mitaani leo. HEVC ilikuja 2013, AV1 ikakamilika 2018. Kwenye prosesa za Intel, HEVC ilianza kufumbuliwa kikamilifu na grafiki ya kizazi cha 6, AV1 kizazi cha 11. Ikipewa kodeki isiyoijua, sakiti hukaa kando na mzigo wote hurudi kwa prosesa, kimyakimya. Video yetu ya pili ilikuwa HEVC, laptopu kizazi cha 4.

Kuhakikisha ni rahisi. Cheza video, fungua Task Manager ya Windows, tazama grafu za GPU, yaani za grafiki. Ile ya kufumbua video ikilala kwenye sifuri huku prosesa iko asilimia 90, umepata jibu. Kabla ya kulaumu umri wa mashine, angalia pia draiva, programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa: Windows ikipigwa upya bila draiva ya grafiki, sakiti hiyo haitumiki kabisa.

Kiduara kinachozunguka YouTube ni habari nyingine. Hiyo ni bando au mtandao, kadi haihusiki.

Kwa video kama ile ya pili, programu ya bure ya HandBrake inaweza kuigeuza iwe H.264. Faili itanenepa kiasi, na iache usiku ukienda kulala, maana anayegeuza ni prosesa yuleyule.