Urea inatoka kwenye hewa, ila bei yake inatoka kwenye gesi

Msimu ukikaribia hapa Tabora, wakulima wa Urambo na Sikonge wananiuliza swali lile lile, kaka mbona bei ya mbolea ya urea iko juu wakati tunasikia inatengenezwa na hewa? Mi nimesomea uhandisi wa kemikali, na nawaambia ukweli, hilo la hewa ni nusu ya habari.

Hewa asilimia 78 ni naitrojeni, ya bure kabisa, lakini atomi zake zimeng'ang'aniana mbili mbili na mahindi hayawezi kuzitumia hivyo. Inabidi uziunganishe na haidrojeni upate amonia, na haidrojeni haiokotwi popote. Viwanda vingi vinaitoa kwenye gesi asilia: wanaondoa salfa kwanza maana inaua kichocheo, yaani kile kitu kinachoharakisha kazi, halafu gesi na mvuke vinapita kwenye mabomba yenye nikeli, joto nyuzi 800 hivi, haidrojeni inaachia. Baadaye wanaingiza hewa, oksijeni yake inaungua humo humo na naitrojeni inabaki. Ile kaboni iliyokuwa kwenye gesi inaishia kuwa kaboni dayoksaidi, inachujwa pembeni, usiisahau hiyo.

Sasa kwenye mtambo wenyewe wa amonia kuna mvutano. Kutengeneza amonia kunatoa joto, kwahiyo ukitaka amonia nyingi ungepoza, ila ukipoza kazi inaenda taratibu mno, basi wanakaa katikati, nyuzi 400 mpaka 500, presha mara 150 hadi 250 ya hewa tunayovuta, na kichocheo cha chuma. Na hata hapo gesi ikipita mara moja ni kama asilimia 15 tu inayogeuka, wanaipoza, amonia inakuwa kimiminika inatolewa, iliyobaki inarudishwa tena ndani, inazunguka hivyo hivyo usiku na mchana.

Mkemia Fritz Haber alionyesha kazi hii inawezekana mwaka 1909, lakini mi wa kwangu ni Carl Bosch wa BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, kwasababu haidrojeni kwenye presha ile ilikuwa inapenya kwenye chuma chenye kaboni inaila kaboni hiyo mpaka mtungi unapasuka. Akaweka ganda la ndani la chuma laini kisicho na kaboni, la nje akalitoboa vitundu haidrojeni itoke zake. Kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza 1913. Hiyo ni akili kubwa jamani!

Amonia ikishapatikana inakutanishwa na ile kaboni dayoksaidi, ndo urea hiyo. Piga hesabu: mfuko wa kilo 50 umekula kama kilo 5 za haidrojeni, na haidrojeni hiyo ndo inatoka kwenye gesi. Gesi ilivyopanda duniani 2021 na 2022, mbolea nayo ikapaa, mpaka serikali ikaleta ruzuku msimu wa 2022/23. Haidrojeni inaweza kutoka kwenye maji pia, Kwekwe kule Zimbabwe walipasua maji kwa umeme miaka mingi tu, ila njia hiyo inakula umeme mwingi sana, kwahiyo mpaka umeme uwe rahisi, mfuko wako wa kukuzia utaendelea kufuata bei ya gesi.